Karatasi zimenishinda

Mombasa, Jumapili usiku

Shoga yangu Wanjiru,

Salamu nyingi. Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Najua nimekunyamazia tangu arusi ya Salma, utanigombeza tukionana. Leo nina shida.

Ni zile karatasi za kuchapia picha kwa gundi, zinazotaka kupakwa jelatini kwanza ili rangi isizame kwenye nyuzi. Nilifuata tulivyofundishwa: nikazitia maji ya moto kwanza zinywee, zikakauka. Jelatini gramu 30 kwa lita, nikairoweka maji baridi nusu saa mpaka ikafura, nikaipasha hadi digrii 50 bila kuichemsha. Sufuria ni ya mama, usinitaje. Nikachovya moja moja, nikaanika darini kwa vibanio vya nguo. Wee! Haikuganda. Usiku wenyewe digrii 27, itagandaje? Iliteremka yote hadi ncha ya chini, ikaning'inia pale kama kamasi la mtoto. Juu karatasi tupu kama ilivyotoka dukani, chini imevaa koti.

Nikajitia ujasiri, nikapaka gundi, dikromati (ile dawa inayoifanya gundi ikaze ikipigwa na jua) na rangi ya buluu, nikaweka juani na negativu ya lile jahazi la babu. Kuosha sasa! Chini peupe safi, lakini juu, pasipo jelatini, buluu imezama kwenye nyuzi haitoki hata kwa brashi. Tanga na mbingu vimekuwa kitu kimoja. Kaka akauliza kama siku hiyo kulikuwa na mvua. Na ile jelatini iliyobaki, kesho yake harufu yake... tuyaache.

Ndipo nikawaza Limuru. Kwa baridi yenu hiyo, si itaganda kabla hujafunga kibanio? Nikutumie karatasi 20 kwa basi la usiku, unichovyee mara mbili, na mara ya pili uzianike kichwa chini ili unene ulingane. Fomalini, ile dawa ya kukazia jelatini, itumie nje, upepo ukutoke mgongoni. Mimi niliifungua jikoni nikalia kama mfiwa. Halafu jelatini iwe ya ng'ombe, soma pakiti vizuri. Mama akisikia nguruwe ameingia nyumbani kwake ndani ya picha ya babake, nitahama.

Wafikiri karatasi 20 ni nyingi? Lile beseni pana bado unalo? Yule fundi wa lenzi alirudisha mizani yako, au ndiyo imekwenda? Mguu wa mamako je? Na huko mvua imeacha, au nisubiri kwanza?

Wako,
Rukia