Tupime presha kabla kiharusi hakijatupata

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili la kiharusi maana watu wengi bado wanadhani ni ugonjwa wa wazee tu, wakati hata vijana unawapata. Presha ndo chanzo kikubwa kuliko vyote na ubaya wake mara nyingi haina dalili, mtu anatembea na 160 kwa 100 miaka kibao anajiona mzima kabisa, mpaka siku mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Kwa hiyo pimeni jamani, ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara muone daktari, na ukipewa dawa usiache eti kwa sababu imeshuka, imeshuka kwa sababu unameza! Hili linaniuma sana.

Sigara, kisukari, lehemu (mafuta ya kolesteroli) nyingi kwenye damu, pombe nyingi, unene na moyo kudunda ovyoovyo navyo vinachangia. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na tutembee kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki.

Halafu mtu mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakimkwama, hata kama yameisha baada ya dakika 10 msimwambie akalale, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na hicho kiharusi kidogo kilichopita chenyewe ni onyo kwamba kikubwa kinaweza kufuata siku hizohizo.

Msomaji wako