Anayenunua shamba apime na kwenda chini

Mhariri,

Hapa Bombo na vijiji vya jirani wilayani Luwero, Uganda, viwanja vinauzwa kwa futi 50 kwa 100, na kila mnunuzi huja na tepu yake. Upana anapima, urefu anapima, jirani anaitwa awe shahidi. Kwenda chini, yaani kina cha udongo, hapimi mtu.

Kazi yangu ni kuchimba mashimo ya kahawa kwa malipo, kwa hiyo naona yale ambayo dalali haonyeshi. Shimo la kahawa huwa futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Udongo wa juu huwekwa kando peke yake na wa chini peke yake, ili ule wa juu urudishwe kwenye mizizi pamoja na samadi. Kuna mashamba ambako rundo hilo la kwanza ni kubwa la kuridhisha, na kuna mengine halijazi hata karai: sululu inagonga moramu, yaani changarawe ngumu nyekundu, kabla shimo halijafika magotini. Mwenye shamba huniambia, "Mzee, wewe chimba tu." Nachimba, pesa ni yake. Lakini mche huo ukikutwa na kiangazi cha Januari, mizizi itanywa wapi?

Tena shamba moja laweza kuwa na hali zote. Vilima vya Buganda vina moramu na udongo mwembamba kileleni, udongo mwekundu wenye kina ubavuni, mchanga ukikaribia bonde, kisha mfinyanzi wa kinamasi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliueleza mfuatano wa namna hii Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo shimo moja halitoshi. Chimba juu, katikati na chini. Kwangua ukuta wa shimo kwa panga, unyunyizie maji, rangi zitajitenga. Pima kutoka usawa wa nyasi: weusi unaishia wapi, mizizi inakoma wapi, kokoto zinaanzia wapi.

Viwanja vilivyochotwa udongo wa matofali, au mweusi wake kuuzwa kwa lori kwa wenye vitalu vya maua, ndivyo vya kuogopwa zaidi. Nyasi zikishaota, macho hayaoni kitu.

Naomba wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla ya kupiga muhuri mkataba wa shamba, waulize mashimo yako wapi. Na maofisa wakigawa miche ya bure, wafanye vivyo hivyo: mkulima aonyeshe mashimo kwanza, ndipo ahesabiwe miche.

Mchimba mashimo,
Bombo