Shukrani kwa mzee wa stesheni ya Tabora

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Mimi ni yule kijana wa fidla uliyenikuta stesheni ya Tabora mwezi wa Agosti, nimekalia begi, karibu nilie. Nilikuwa natoka Kigoma kwenda Dar, tamasha langu la kwanza la kulipwa. Kiangazi cha Tabora hakina huruma na mbao: zilikauka, zikasinyaa, na kile kijiti cha kukazia waya wa pili kikawa kinateleza. Nikikaza, kinarudi. Nikikaza, kinarudi.

Hukuuliza mengi. Ulikichomoa, ukakitazama kama seremala anavyotazama mguu wa kiti, ukatoa kipande cha chaki mfukoni mwa koti (sijui kwa nini mtu hutembea na chaki), ukakipaka, ukakirudisha huku ukikisukuma ndani taratibu. Kikashika! Mwalimu wangu alishanifundisha hiyo dawa, hofu ilinisahaulisha.

Hela ya soda ulikataa. Jina sikuwahi kuuliza, treni ilishapiga honi. Waya ule ulikaa hadi wimbo wa mwisho, na siku hizi sitoki nyumbani bila chaki. Ahsante sana, mzee.