YAH: Katriji mbovu za CD4 na kudhalilishwa kwangu mbele ya wagonjwa

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima zote, hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza hamkuzijibu. Habari za mkataba sizirudii, nakala mnayo, na masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe.

Boksi la katriji 100, vile vifuko vya plastiki vya kupimia tone la damu kujua idadi ya CD4, seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, mlilonitumia Februari, nimetumia 52 na 31 kati ya hizo zimetoa majibu batili. Nimezikagua kwa kioo cha kukuza. Tone la damu linaingia, linatambaa kwenye kijifereji chembamba kama unywele, kisha linasimama nusu njia, mbele yake kipovu cha hewa. Nyingine zinajaa vizuri, mgonjwa anasubiri dakika 20, halafu mashine inakataa kusoma. Boksi limeandikwa litunzwe kwa nyuzi joto 2 hadi 30. Ninyi mkalipakia kwenye basi la Arua, basi likaharibika Pakwach, boksi likalala huko siku mbili chini ya turubai kwa jua la Februari. Kingamwili zilizokaushwa humo ndani, zinazozishika seli za CD4 mashine ipate kuzihesabu, zingeponaje?

Niliomba msaada, mkamleta fundi wenu. Hakuuliza boksi lilisafirije. Alitazama katriji moja, akaniambia mbele ya watu saba waliokaa kwenye benchi: "Mama, mashine haina kosa. Kosa ni mikono yako. Watu wa huku hamjui kutoboa kidole."

Nimefanya kazi ya maabara miaka 16.

Asubuhi ile ile, kabla hajafika, nilikuwa nimepitisha katriji za udhibiti, zile za kuhakiki kama mashine inasoma sawa, ya kiwango cha chini na ya kawaida, zote zikasoma sawa. Nilikuwa pia nimebakiwa na katriji nne za bechi ya zamani. Nikazitumia kwa mikono hii hii, na zote nne zikatoa majibu. Daftari lilikuwa wazi mezani. Hakulifungua.

Naomba mnibadilishie hizo 31, na mzigo unaofuata uje kwenye kisanduku cha baridi.

Lakini lazima nirudie, maana mliandika kwenye fomu yenu kwamba "mteja alielekezwa". Sikuelekezwa. Kijana yule aliinua katriji juu kwa vidole viwili kama mtu anayeonyesha kitu alichokiokota jalalani. Kwangu alikuwa akisema Kiingereza tangu aingie. Maneno yale aliyasema kwa Kiswahili, ili benchi nzima ielewe. Dada mmoja alikuwa amekaa karibu kabisa, mtoto mgongoni, pamba kwenye kidole cha nne, kwa sababu vitatu vya kwanza tulikuwa tumeshavitoboa bure. Akanitazama mikono. Kisha akauficha mkono wake ndani ya kitenge.

Dada huyo alirudi kwangu mara mbili zaidi, siku tisa zikapita, mpaka nikapeleka sampuli yake hospitali ya rufaa kwa boda. CD4 yake ilikuwa 87. Mnauza mashine hizi, mnajua chini ya 200 maana yake nini: kinga imeshuka mno, apimwe TB na fangasi ya ubongo siku hiyo hiyo, asirudishwe nyumbani kabla ya vipimo hivyo. Siku hizo tisa ni zenu.

Kwa hiyo kubadilishiwa katriji 31 hakunitoshi tena. Lichukueni boksi zima na mnirudishie fedha zote, pamoja na nauli za boda. Na fundi yule arudi hapa, akae kwenye benchi lile lile, aseme kwa Kiswahili kwamba kosa halikuwa mikono yangu.

Nawapa siku 14. Zikipita, namba ya bechi, picha na nakala ya daftari vitafika Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na wenzangu wa maabara za Koboko, Yumbe na Nebbi watavipata siku hiyo hiyo. Katriji 48 zilizobaki nimezifunga kwa karatasi ya gundi na kuzitia sahihi. Simkabidhi mtu yeyote wa kampuni yenu mpaka fedha zangu ziwe mkononi.

Mkuu wa maabara,
Arua