Mafunzo ya kioo cha moto Mombasa yaanze na tanuri la kupozea

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa rohoni. Mimi ni mchonga vinyago huku Magongo, mbao nimezizoea tangu utotoni, lakini huu ni mwaka wa pili najifunza kuunda sanamu za kioo cha moto, zile za vipande vingi ambavyo vinaunganishwa vikiwa bado vya moto, na kila nikimweleza mtu ananiambia sasa si chupa za kuyeyusha zimejaa kila mahali Mombasa, shida iko wapi? Shida si chupa jamani. Shida ni kupoza.

Watu wanadhani kazi ngumu ni kuyeyusha. Tanuri likifika digrii 1,100 na kitu kioo kinakuwa kama asali nzito, unakichota na bomba la chuma huku unazungusha, ukiacha kuzungusha kinalegea upande mmoja, hilo mtu analizoea. Sasa njoo kwa pweza, manake mimi nilianza na pweza. Kichwa kinaundwa peke yake, minyiri minane mmoja mmoja, na kila mnyiri ukiisha hauwekwi mezani, unaingia kwenye tanuri dogo la kama digrii 500 usubiri wenzake, ukiupoza alafu uugusishe kwa kichwa cha moto unapasuka hapohapo. Na hii si kazi ya mtu mmoja, huyu anazungusha kichwa, huyu analeta mnyiri kwa fimbo ya chuma, wa tatu ana tochi ya gesi anachoma pande zote mbili mpaka ziwake rangi ya chungwa, ndio mnabandika. Ukisukuma sana pale pa kiungo panavimba kama goti, ukigusa juujuu mnyiri unadondoka sakafuni.

Haya nilijifunza bara, wiki sita. Wenzetu wa Kitengela, kule karibu na Nairobi, ni miaka mingi sasa wanayeyusha chupa na vioo vya madirisha vilivyokwisha tumika, kwa hivo hakuna wa kuniambia kwamba Kenya hii haiwezekani.

Niliporudi tukajenga tanuri nyuma ya nyumba mimi na ndugu yangu ambaye ni welda. Pweza wa kwanza akatoka mzima, minyiri yote minane, tukamfukia kwenye debe la jivu la moto kwasababu tanuri la kupozea hatukuwa nalo. Kesho yake alikuwa mzuri wallahi, mke wangu akamuweka dirishani. Siku ya tatu tunakunywa chai nikasikia tik, kama kijiti kimevunjika, kuangalia minyiri miwili imeng'oka palepale kwa viungo na ufa umepanda mpaka kwa jicho. Hakuna aliyemgusa. Nilikaa chini nikalia.

Sababu yake ni kwamba kichwa ni kinene na minyiri ni myembamba, wembamba unapoa mbio, kichwa bado kina moto ndani, kwa hivo kioo kinabaki kinavutana chenyewe kwa chenyewe hata kikiwa baridi kabisa mkononi. Dawa yake ni kukiweka kwenye tanuri la kama digrii 500 mpaka kote kulingane, alafu unateremsha moto pole pole, kitu cha ukubwa wa ngumi usiku kucha, kikubwa zaidi siku kadhaa. Jivu linatosha shanga, haliwezi pweza. Pia msichanganye chupa ovyo, vioo vya viwanda tofauti havisinyai sawa vikipoa, ukibandika kahawia ya huku na kijani ya kule unaweza kupata ufa hata kama umepoza vizuri.

Ndio maana nasema kaunti na vyuo vya ufundi vikitaka kufundisha vijana kazi hii, na nawaomba kwa moyo wote waifundishe kwasababu hapa Changamwe tuna mikono ya kuchonga ambayo haina mfano, pesa ya kwanza iende kwa tanuri la umeme la kupozea lenye kipimo cha kuteremsha moto kidogo kidogo. Bomba, koleo na makasi mafundi wa jua kali watatutengenezea. Lakini kijana ambaye kila kazi yake inapasuka siku ya tatu ataacha, na hatakuwa na makosa.

Mimi niko tayari kufundisha bila malipo. Chupa ninazo magunia sita, zote za kahawia za aina moja, nimeshaziosha na kutoa lebo.

Mchonga vinyago,
Magongo, Mombasa