Makala ya mashimo meusi imeacha sehemu tamu

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Nasomesha fizikia skuli ya sekondari hapa Wete. Makala yenu ya juma lililopita kuhusu mashimo meusi, yaani vitu vya angani vyenye mvuto mkali mno hata mwanga hauponyoki, ilisomwa kwa sauti darasani kwangu, na pale mliposema kwamba shimo jeusi hunyonya kila kitu, msichana mmoja akauliza: basi sisi litatumeza lini?

Halitatumeza. Shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu (kundi kubwa la nyota na gesi ambamo jua letu nalo limo), upande wa nyota za Kausi, lina uzito wa kama mara milioni 4 ya jua, na liko mbali nasi kiasi cha miaka ya mwanga 27,000; mwaka mmoja wa mwanga ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka. Lau jua lingegeuka shimo jeusi la uzito uleule leo, dunia ingeendelea kulizunguka vilevile. Baridi ingetuua, lakini kumezwa tusingemezwa.

Mlichokiacha ni hiki: kumlisha mla huyu ni kazi ngumu. Gesi imejaa tele kwenye galaksi, ila inazunguka, na mzunguko huo ndio unaoizuia isianguke katikati. Ndiyo maana shimo letu lina njaa. Galaksi mbili zikigongana, mambo hubadilika. Nyota hupishana tu, kwa vile nafasi baina yao ni kubwa mno. Gesi ndiyo inayogongana. Mvuto wa galaksi moja huipinda nyingine, gesi hupoteza mzunguko wake na kuporomokea ndani. Nyingi huishia kuzaa nyota mpya. Ile chache inayofika kwenye shimo hupata moto kabla ya kumezwa, ikang'ara kuliko nyota zote za galaksi ile zikijumlishwa. Hiyo ndiyo kwasari. Na mashimo yenyewe nayo husogeleana: mwaka 2002 Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, ilionesha mawili, yote yanakula, ndani ya galaksi moja iitwayo NGC 6240, mabaki ya mgongano wa namna hii.

Sisemi kila shimo hulishwa hivyo. Mengi hula kidogokidogo ndani ya galaksi zilizotulia, na wataalamu bado wanabishana migongano ina sehemu gani. Ubishi huo nao vijana wana haki ya kuusoma kwa Kiswahili.

Naomba basi, Mhariri, mrudi kwenye mada hii, na mrudi Novemba. Vuli ikiachia anga, baada ya Isha, mtu wa Pemba akitazama kaskazini mahali pasipo taa ataona kiwingu hafifu. Mnajimu wa Kiajemi Abd al-Rahman al-Sufi alikiandika mwaka 964. Ni galaksi ya Andromeda, miaka ya mwanga milioni 2.5 kutoka hapa, na shimo lake ni zito kuliko letu mara nyingi. Zamani tuliwaambia wanafunzi kwamba lazima itatugonga. Hesabu zilizotolewa 2025 zinasema uwezekano ni nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10 ijayo. Waelezeni wasomaji waitafute, na ramani ya nyota ichapishwe pembeni.

Mwalimu wa fizikia,
Wete, Pemba