Mzee akishusha bunduki hajaogopa

Ndugu Mhariri,

Mwindaji mzee akishusha bunduki mbele ya tandala dume aliyesimama mita sitini, kijana aliye nyuma yake huwaza mambo mawili tu: macho yamekwisha, au moyo umelegea. Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tueleze jambo la tatu. Msimu wa uwindaji wa wenyeji ukifunguliwa, vijana wa Dodoma na Singida huingia porini na vibali halali mfukoni bila kuambiwa jambo hilo na mtu yeyote.

Alichokiona mzee ni hiki. Tandala amemgeukia, kidari mbele, na kwa mkao huo sehemu ya kuulia haizidi upana wa kiganja. Risasi ikienda pembeni kidogo hupasua bega na kuacha mapafu mazima. Ikishuka, hupitia tumboni. Nyuma ya dume, ndani ya kichaka, kuna sikio la jike, na risasi ya bunduki kubwa hutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu. Halafu ni saa kumi na moja na nusu jioni. Mwanga uliobaki ni wa saa moja tu, kuwinda kwa tochi kumekatazwa na sheria, na fisi hawana habari na kibali cha mtu. Akashusha. Tandala ana makazi yake. Kesho alfajiri atakuwa kwenye vichaka vilevile.

Huruma ipo, hatukatai, ila huchelewa kufika. Kinachotangulia ni hesabu.

Kijana wa miaka ishirini na kitu hupima siku kwa milio na vichwa. Akirudi na swala pala wawili, siku ilikuwa njema. Akirudi na vumbi la viatu, ilikuwa mbaya. Huko Marekani, jimbo la Wisconsin, watafiti Robert Jackson na Robert Norton waliwahoji wawindaji zaidi ya elfu moja na kuona kwamba wengi hupita hatua tano: kwanza raha ya kufyatua, kisha kujaza idadi iliyoruhusiwa, kisha kutafuta pembe kubwa, kisha kujali namna ya kuwinda kuliko windo lenyewe, na mwisho kutosheka na kuwa porini. Mnyama mkuu wa wawindaji wa huko ni ayala wa mkia mweupe, ndugu wa yule ayala wa Zaburi ya 42. Katika mapori yetu hayupo kabisa. Ayala huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Wanyama wetu wa ukoo wa paa hukaa na pembe zilezile hadi kufa.

Ngazi hiyo inafaa na kwetu, lakini si yote. Hatua ya pembe ni ya watalii zaidi. Mwenyeji wa Manyoni au Chemba hatundiki kichwa ukutani. Pembe ya tandala akiihitaji ni ya kupuliza. Mahali pa hatua hiyo kwetu pana swali jingine: nani atakula, na atapata sehemu gani? Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wamelifanya hilo kuwa daraja kamili. Mwanamume akishaingia epeme, yaani daraja la wanaume waliokomaa, ndipo huruhusiwa kula sehemu fulani za mnyama mkubwa, na wasioingia, hata wawe hodari wa upinde namna gani, hawazigusi. Kwa hiyo umri na nyama vimefungwa pamoja kwetu tangu zamani, ingawa hatuna kitabu cha hatua tano.

Kinachombadilisha mtu hasa ni mnyama aliyejeruhiwa. Kijana akifyatua na swala akakimbia, yeye naye hukimbia nyuma yake. Hapo ndipo windo hupotea. Swala aliyepigwa tumboni, asipofukuzwa, mara nyingi hulala ndani ya mita mia chache. Akifukuzwa huenda kilomita kadhaa, na jeraha la tumbo halidondoshi damu ya kufuata. Mzoefu husimama pale pale alipofyatulia, hukariri kichaka ambacho mnyama amepotelea, kisha huenda kusoma ardhi. Damu nyekundu nyepesi yenye povu ni ya mapafu: ngoja nusu saa, utamkuta amekufa. Damu nzito, nyeusi kidogo, ni ya ini: ngoja saa mbili au tatu. Ukiona majimaji ya kijani na vipande vya majani, na harufu yake unaijua, umepiga tumbo: kanuni ya kawaida ni saa sita. Nywele nyeupe peke yake, bila damu, maana yake risasi imepita chini ya tumbo. Hata hivyo ni lazima ufuate hatua mia mbili kabla ya kusema umekosa, kwa kuwa damu nyingine huanza kutoka mbali.

Ila kanuni ya saa sita imetungwa kwenye nchi za baridi. Kwetu mwezi wa Oktoba joto hufika nyuzi thelathini adhuhuri. Ukingoja saa sita utakuta nyama imechacha na tai wamekutangulia. Usipongoja, utamfukuza. Njia nzuri ya kutoka katika mtego huo haipo, na mzee anaijua hali hiyo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Jibu lake ni kutofyatua mpaka mnyama ageuke ubavu, mguu wa mbele ukiwa wima, ambapo risasi huingia nyuma tu ya bega, theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini. Na hupenda alfajiri kuliko jioni, ili awe na siku nzima ya kufuata.

Yapo mengine anayoyajua ambayo kijana huyaita bahati. Tandala akishtuka huruka vichaka viwili vitatu kisha husimama na kutazama nyuma. Kijana humwaga risasi wakati mnyama anakimbia. Mzee huwa ameshapiga goti akimsubiri asimame. Nsya, yule paa mdogo wa vichakani, hujilaza mpaka unusurike kumkanyaga, kisha huchomoka kwa kona kona, na kumpiga hapo ni kuharibu nyama kwa marisau. Upepo wa kiangazi Dodoma huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki, lakini jua likipanda, penye mawe na mabonde huzunguka ovyo. Ndiyo maana mzee hutembea na kifuko cha majivu na kukitikisa kila baada ya muda, na ikifika saa nne asubuhi huketi chini. Kijana huuita uvivu.

Uvivu upo pia, tusidanganyane. Magoti yana kauli yake. Baada ya miaka arobaini na mitano jicho haliwezi tena kuona kilengeo cha nyuma, cha mbele na mnyama kwa pamoja. Kimojawapo huwa ukungu. Anayekataa kukubali huendelea kufyatua mita mia na hamsini kama zamani na kujeruhi. Anayekubali hununua darubini ya bunduki, au hukata umbali wake hadi mita sabini, akakaa chini ya upepo karibu na mgunga unaodondosha maganda, ambako swala pala huja wenyewe. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya takwimu za uwindaji za watu zaidi ya 1,800 katika sehemu 40 za dunia, ulionyesha kuwa ustadi wa kuwinda hufikia kilele kati ya miaka 30 na 35, na baada ya hapo hushuka polepole. Nguvu za mwili hutangulia kufika kileleni, ujuzi hufuata.

Na digidigi? Wengi huanza naye kwa sababu yupo kila mahali na ni mdogo, kilo tano hivi. Wengi pia humwacha yeye kwanza. Digidigi huishi wawili wawili katika eneo moja, wana mahali pao maalumu pa kuwekea kinyesi, na hupaka alama kwenye vijiti kwa utomvu unaotoka karibu na jicho. Ukimwua mmoja, mwenzake hakimbilii mbali. Utamkuta hapo kesho na keshokutwa. Kijana husema: rahisi, nakuja kummalizia. Mtu mzima hupiga hesabu: kilo tano, ukitoa ngozi, kichwa na matumbo unabaki na mboga ya siku moja, na eneo limebaki tupu. Kwa swala pala hesabu ni nyingine. Dume la kilo sitini hutoa nyama na mifupa kama kilo thelathini na tano, na ukilichagua kutoka kundi la madume makapera, badala ya dume lenye majike, uzazi wa kundi hautikisiki. Tandala dume hukamilisha mizunguko miwili na nusu ya pembe akiwa na miaka sita hivi. Mwenye mzunguko mmoja ni mtoto, hata kama kimo kinakudanganya.

Kuna mtu ambaye umri haumfundishi chochote. Anayetega waya anaweza kutega miaka thelathini na akabaki katika hatua ya kwanza, kwa sababu waya haumlazimishi kuona. Hachagui dume wala jike, hasomi damu, hasubiri. Akifika siku ya tatu hukuta mnyama amevimba, na wapo wanaochuna hivyo hivyo. Tuseme hapa hapa: mnyama aliyekutwa amekufa asichunwe wala kuguswa, kwa sababu kimeta hakijulikani kwa macho.

Sasa ombi letu. Watalii, wakimjeruhi mnyama, humlipia kama waliyemwua, apatikane asipatikane. Kanuni hiyo itiliwe mkazo uleule kwa mwenye kibali cha mwenyeji: aliyejeruhi swala mmoja na kumpoteza ahesabiwe amemaliza swala mmoja, na afisa wanyamapori aandike hivyo nyuma ya kibali. Kijana akijua kwamba risasi ya pupa inamlia nafasi yake, atatulia mapema bila kungoja mvi.

Pili, kabla ya kibali cha kwanza pawe na mtihani wa aina mbili. Wa kulenga: risasi tano kwa mita hamsini, kwa kupiga goti, bila kuegemea mti, na nne ziingie ndani ya sahani ndogo ya chai. Anayeshindwa arudi baada ya mwezi. Wa pili ni wa kufuata damu, na hauhitaji bajeti. Chukua nusu lita ya damu ya mbuzi machinjioni, tia chumvi kijiko kimoja na ukoroge isigande. Mzee aitangulize porini mita mia nne, tone moja kila hatua tatu, apinde njia mara mbili, na penye kona moja aruke hatua ishirini bila tone. Iachwe saa mbili ikauke. Kisha kijana afuate akiwa na fimbo na karatasi ya chooni ya kuweka alama kwenye kila tone, akitembea kando ya njia na si juu yake. Pale penye pengo wengi wataanza kuzunguka ovyo na kukanyaga alama. Anayerudi kwenye karatasi ya mwisho, akapiga magoti na kuanza kutafuta majani yaliyopinduka, huyo apewe kibali.

Wawindaji wenyeji,
Kwamtoro, Wilaya ya Chemba,
Dodoma.